Nyota na Picha ya Mzee Kaijage

Ninaikumbuka Jumatatu moja, mwanangu, mpaka leo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikiishi Bukoba mjini kwa baba yangu mdogo, Elias, aliyekuwa na studio ya picha karibu na soko. Yeye ndiye aliyenifundisha kuosha filamu. Kupiga picha za nyota hakunifundisha mtu. Hilo nilijitafutia mwenyewe, na ndilo lililoniponza.

Nilikuwa nimesoma kwenye gazeti kuukuu kwamba ukiiacha kamera wazi kwa nusu saa, nyota huchora mistari kwenye filamu kwa sababu dunia inazunguka. Basi, amani ikaniisha. Sikuwa na miguu mitatu ya kuisimamishia kamera, wala waya wa kubonyezea. Nilijaza soksi mchanga ili kamera ilale juu yake, na kitufe nikapanga kukifunga kwa kamba ya kiatu. Nyie mnaojifunza kwa simu mnaweza kucheka. Chekeni tu.

Jumamosi jioni nilichukua kamera ya studio bila kuomba, nikaenda nayo nyumbani kwetu Maruku. Ndani mlikuwa na filamu iliyobakiza picha nne. Wa mwisho kupigwa mchana ule alikuwa Mzee Kaijage, jirani yetu wa Maruku, mtu asiyependa kamera hata kidogo. Wanawe walimsumbua mwaka mzima ndipo akaja mjini na koti lake la kanisani. Nilimwekea kola sawa kwa mikono yangu mwenyewe.

"Usinipige nikaonekana mzee, Mugisha," alinitania.

Uzee alikuwa nao wa kutosha, Mungu amrehemu.

Usiku nilisimama nyuma ya nyumba, mahali migomba ilipoacha nafasi ya kuona anga. Kila jani lililokwaruza lilinishtua. Baada ya picha ya pili, mkono wa kusogezea filamu ukagoma. Nikaogopa kwamba filamu imekatika. Nikaingia ndani, nikajifunika blanketi, nikafungua kamera kwa nyuma na kuipapasa. Vidole havikunieleza kitu. Ndipo nikawasha tochi, mara moja tu, nikaizima. Filamu ilikuwa nzima, imejiviringa vizuri, haina tatizo lolote.

Nilijua nilichofanya. Filamu ikipigwa na mwanga kabla ya kuoshwa inaungua, na picha za mwisho ndizo zinazokaa juu. Jumapili kanisani niliimba midomo ikienda na roho haipo. Kamera nilikuwa nimeirudisha kimyakimya. Nikatunga uongo: nitamwambia Mzee kwamba filamu ilikuwa mbovu, aje tena wiki ijayo. Nilipanga mpaka sauti ya kuusemea.

Jumatatu asubuhi aliingia Justus, mwanawe mkubwa, macho mekundu. Mzee alikuwa amelala Jumapili jioni akiwa mzima, na hakuamka. Mazishi yalikuwa kesho yake. Walitaka picha ya kuweka juu ya jeneza.

"Kuna nyingine kwa dada yangu kule Rubya," alisema. "Ni ya zamani, ila uso unaonekana. Gari la mchungaji linaondoka saa nne kwenda huko, linarudi usiku, ningelipanda. Lakini kama hii ya Jumamosi ipo, ya nini kuhangaika?"

"Ipo," baba mdogo alisema. "Mugisha ataiosha leo." Akanigeukia. "Siyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Mwanangu, kule kuitikia ninakujutia kuliko tochi. Tochi niliwasha kwa ujinga. Kichwa nilikiinamisha nikijua, kwa sababu nilikuwa bado natumaini. Nilijiambia labda mwanga ulikuwa kidogo, labda Mungu ataona huruma.

Saa nne ilifika, gari la mchungaji likaondoka, mimi nafagia sakafu iliyokwisha kufagiwa. Nilipanga chupa za dawa, nikazipangua, nikazipanga tena. Saa nane baba mdogo akauliza kwa nini siingii kwenye chumba cha giza. Nikaingia. Filamu iliniponyoka mara mbili, na humo gizani nilimwahidi Mungu mambo ambayo sikuwahi kuyatimiza. Nilipoinyanyua filamu kwenye taa, picha za mwanzo zilikuwa safi: mtoto wa ubatizo, bwana harusi na bibi harusi. Kisha weusi ukaanza kuingia, ukazidi. Pale pa Mzee Kaijage palibaki bega moja na ncha ya kola. Nyota zangu hazikuwepo kabisa.

Baba mdogo hakunipiga. Alifunga studio, akasema, "Twende Maruku, ukaseme mwenyewe."

Mjane, Bibi Kokugonza, alikuwa ameketi chini kwenye majani katikati ya wanawake wenzake. Nilipiga magoti nikaeleza yote.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Tangu Jumamosi, waitu," nilijibu, nikimwita kwa heshima ya kwetu.

"Na Justus alipokuja asubuhi?"

"Nilikuwa najua."



"Tochi ningekusamehe hapa hapa," alisema. "Lakini gari lilikuwepo, mwanangu."

Mzee alizikwa bila picha. Mjukuu wake aliyeletwa kutoka Mwanza, ambaye hakuwahi kumwona babu yake, aliuliza alikuwa anafananaje. Watu wazima wakaanza kumwonyesha kwa mikono: alikuwa mrefu hivi, ndevu zilikuwa hivi. Nilisimama nyuma yao, sina pa kuuficha uso.

Sasa nikuambie kwa nini nimekusimulia haya leo. Jana uliniuliza, eti kwa niaba ya rafiki yako, kama picha zilizofutwa kwenye simu zinaweza kurudi. Mwanangu, ingawa sikukuzaa mimi, nakujua: simu unayopigia nyota ni ya mama yako. Ilijaa, ukafuta picha ili upate nafasi, na za marehemu baba yako zilikuwa kati ya hizo. Usiniambie hapana, nimekuona siku tatu hizi unavyogeuza ugali hapa kwangu bila kuula. Nimemuuliza fundi wa simu. Anasema picha zilizofutwa hukaa kwanza kwenye simu siku kadhaa kabla hazijapotea moja kwa moja. Hizo siku zinakwenda, na mama yako hajui kwamba kuna kitu cha kuwahi.

Nyota endelea nazo, mimi sikuziacha. Ila ukikosea, sema siku ile ile, kabla mwenye hasara hajaacha njia nyingine kwa kukuamini wewe. Aibu utaipata tu, hata ukichelewa. Ukiwahi, huenda na yeye akawahi.

Mungu akutangulie mlangoni kwa mama yako, akupe ulimi usiokwepa, na yeye ampe moyo wa kukusikiliza mpaka mwisho. Inuka, nenda sasa hivi. Chai yako nitaifunika.