Maji ya Samadi ya Mama Mkwe Wangu

Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa jembe. Wallahi, kwetu kuchimba udongo ilikuwa aibu; mtu alichimba kisima au kaburi, basi. Lakini miaka ile ya vita vya shifta tulikusanywa Garissa tukae karibu na askari, na kupeleka mifugo malishoni kukawa kujitafutia risasi. Wanyama wakaisha bomani kama chumvi ndani ya maji. Kwetu alibaki mbuzi mmoja wa maziwa. Mimi nilikuwa na mimba ya kwanza, tena mlafi, niseme ukweli.

Mbuzi huyo mama mkwe akampa mwanamke mkulima wa kando ya mto Tana, naye akapewa miche ya nyanya na kipande cha ardhi. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, akaja kusimama uani.

"Dumaashi," akamwita, ndivyo tunavyomwita mke wa kaka, "umetoa mbuzi umechukua majani? Mbuzi mwenyewe angeyala huku anacheka."

"Acheke. Wewe leta mbuzi mwingine tuone."

Shemeji akaenda zake. Hakuwa na hata kwato.

Nyanya zikasimama vizuri, halafu zikaanza kugeuka manjano. Mkulima akasema zina njaa, zinataka samadi ya kunywa. Samadi ndiyo mali pekee tuliyobaki nayo bomani! Tukajaza gunia, tukalifunga mdomo, tukaliloweka ndani ya pipa lililokatwa, juu tukafunika bati. Harufu ile, subhanallah. Nilitapika kila nilipopita, na majirani wakahamisha mikeka yao. Siku hizi wajukuu wangu wananunua mbolea ya chupa dukani, inanukia karibu kama sabuni, wanadhani ni jambo jipya.

Haya, turudi. Kosa tulilofanya, mkulima hawezi kulifanya. Mama mkwe alizinywesha nyanya kama ngamia kisimani: maji meusi, mazito, mpaka mashina yakazama, kisha akaziacha siku nyingi zipumzike. Ngamia akishashiba si unamwacha? Majani yakaungua kingo, maua yakaanguka. Mkulima alipokuja akashika kiuno.

"Mama! Hizi hazina nundu!"

Akacheka mpaka akakaa chini. Mama mkwe hakucheka. Alitazama yale majani, akatazama tumbo langu. Zikifa, hatuna mbuzi, hatuna nyanya, na mtoto yuko njiani. Jioni ile hakula.

Asubuhi akanikuta nachekecha unga.

"Naa wewe, mwanambuzi aliyefiwa na mama, utampa maziwa ya kondoo hivi hivi, mazito vile?"

"Hapana, eeddo," nikamjibu, ndivyo nilivyomwita mama mkwe. "Ataharisha afe. Unatia maji."

"Mengi?"

"Mengi. Na unampa kidogo kidogo."

"Basi hawa ni mayatima," akasema, akachukua mkebe.

Kwanza akausuuza udongo kwa maji matupu ya mto. Kisha akazimua maji ya samadi mpaka yakawa rangi ya chai ya strungi, ile isiyo na maziwa, tena nyepesi. Kila mche akaupa mkebe mdogo, shinani tu, mkono wa kushoto ukiinua majani yasirukiwe, kama unavyoshika kidevu cha mwanambuzi akinywa. Hakuna aliyemfundisha mkono ule. Nimeona wakulima wengi tangu hapo, na sijaona mwingine wa namna hiyo.

Machipukizi mapya yakatoka, ya kijani hasa. Maua yakashika. Nyanya zilipoiva, yeye mwenyewe aliuma moja akaitema.

"Watu wanakula hii?"

Walikula. Wake za makarani waliotoka Kenya, kwetu tulisema hivyo, kama sisi tuko nchi nyingine, walikuja uani na unga na sukari kubadilishana. Hata shemeji alikuja, akaomba kwa sauti ndogo, naye akachaguliwa kubwa.

Jirani aliyebakiwa na ngamia akachukua nyanya zake, akatuachia kibuyu cha maziwa. Mama mkwe akakiweka mkononi mwangu.

"Kunywa."

"Na wewe, eeddo?"

"Kunywa yote, nakutazama."

Akanitazama kweli, mpaka tone la mwisho.