Mkono wa Kushoto wa Mama

Mtama ukishaingia ghalani, kijiji chetu karibu na Issenye kilinuka udongo mbichi uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe. Huo ulikuwa msimu wa kukandika nyumba. Majirani wote walimwita mama yangu, kwa sababu ukuta aliousiriba yeye haukupasuka, na kwa sababu hakuvumilia ukuta mtupu. Alichota udongo mweupe mtoni, akasaga mawe mekundu, akakwangua masizi kwenye sufuria, kisha akachora mistari na pembe za ng'ombe kuzunguka mlango, kwa vidole tu, bila kupima popote. Hakuna aliyemwita msanii. Walimwita Mama Robi, wakamlipa debe la mtama. Robi ndiye mimi, na nilimshikia bakuli za rangi tangu sijaanza shule.

Nilikuwa darasa la sita Mwalimu Chacha alipotangaza mashindano ya uchoraji. Washindi wawili wangepelekwa Musoma wiki nzima, wakafundishwe na watu wanaoishi kwa kuchora, chakula na malazi bure. Nikakimbilia ubaoni kuandika jina langu. Ndipo akasoma masharti: kila mmoja aje na karatasi yake ya manila, boksi la rangi za maji na brashi, mwisho Ijumaa. Nyumbani jibu lilikuwa fupi, maana mdogo wangu alikuwa anaumwa na kila tulichopata kiliishia kwenye dawa. Ijumaa mwalimu akashika dasta, akafuta majina kumi na tisa mbele ya macho yetu. Yalibaki sita. Hao sita wote walikuwa na viatu.

Nililia njia nzima, halafu nikachoka kulia, nikapata hasira. Pale zahanati ilipokuwa inajengwa niliokota mfuko wa saruji, nikauchana, nikatoa karatasi ya ndani iliyokuwa safi. Jumamosi na Jumapili nilijificha nyuma ya zizi na bakuli za mama. Nilimchora yeye mwenyewe, mgongo umetugeukia, mkono wa kulia juu, anasiriba ukuta. Jumatatu nikampelekea mwalimu.

Aliitazama muda mrefu. Niliona kabisa kwamba ameipenda, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Robi, umejitahidi. Lakini hii ni karatasi ya saruji. Masharti yanasema manila."

"Mwalimu, wanashindanisha picha au karatasi?"

Darasa likaangua kicheko, naye akadhani nimemkejeli. Kwa adhabu nilifyeka nyasi za uwanja mpaka viganja vikachubuka, na nikaambiwa nije na mzazi Alhamisi. Alhamisi ndiyo siku waliyokuwa wanakuja majaji wa mashindano. Nikawahi kabla ya kengele, nikaibandika picha yangu nje, kando ya mlango wa darasa, kwa uji mzito.

"Iondoe," mwalimu akasema alipofika.

"Siondoi."

Sikuwahi kumjibu mtu mzima hivyo. Wakati huo mama akaingia getini, udongo umemkaukia mpaka kwenye viwiko, maana alikuwa ametoka kwenye kazi ya watu. Alimsalimu mwalimu kwa adabu, akasikiliza makosa yangu yote, kisha akasogea kwenye picha. Hakuwa ameiona.

"Huyu ni mimi?"

"Ndiyo, mama."

Nikajiandaa kwa kofi.

"Umekosea mkono," akasema. "Mimi nasiriba kwa kushoto." Akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, hapo kwenye mkono atarekebisha. Lakini kuiondoa, hataiondoa."

Mwalimu Chacha akaiacha picha palepale. Majaji walipofika, mmoja wao, mwanamke wa makamo, alisimama mbele ya picha akauliza rangi zimetoka wapi. Mama alimweleza mto, mawe na masizi. Yule jaji alitikisa kichwa kwa mshangao, akatushukuru, akaingia ndani kuzipa alama zile picha sita. Jina langu halikusomwa. Waliokwenda Musoma walikuwa wawili katika wale sita.

Leo naishi Mugumu, nachora mabango ya saluni, maduka na magereji, na kazi hiyo inanilisha. Watu wakiisikia habari hii husema umaskini ulinifundisha ubunifu. Nakataa. Aliyenifundisha ni mama. Umaskini uliniibia wiki moja ya kukaa na wachoraji nikiwa na miaka kumi na miwili, na wiki ile hakuna aliyenirudishia. Barabara sasa ni nzuri kuliko zamani, madarasa yameongezeka, matangazo ya mashindano yanatufikia kwenye simu, lakini ukiyasoma hadi mwisho utakuta bado mtoto anatakiwa kuja na vifaa vyake. Jumamosi nafundisha watoto kumi na mmoja nyuma ya banda langu. Mwezi uliopita nilipeleka fomu zao za mashindano kwenye ofisi ya elimu, sehemu ya vifaa nikaiacha wazi. Karani akasema fomu hazijakamilika. Nikamwambia zimekamilika, nikakaa kwenye benchi. Alikwenda kula, akarudi, akanikuta. Saa tisa alasiri akachukua mhuri, akagonga zote kumi na moja.