Dada na Wimbo wa Ndoo

Dada yangu mkubwa anasaga unga. Amesimama kwenye mashine ile tangu binti yangu hajazaliwa, na watoto wa mtaani wanamwita Mama Pumba kwa sababu hata nyusi zake zimekuwa nyeupe. Jina halimsumbui. Kinachomuudhi ni kuambiwa hasikii.

Mimi nilishaona mapema. Ukimwita kwa nyuma hageuki. Ukizungumza naye, macho yake hayatoki midomoni mwako. Juzi mkanda wa mashine ulikatika kwa kishindo, watu wote wakakimbilia nje, yeye akaendelea kumimina mahindi mpaka mteja mmoja alipomvuta mkono. Tangu siku hiyo usingizi umenipaa.

"Twende hospitali wakakupime masikio, dada."

"Wapime nini? Nyinyi ndio mnatafuna maneno."

"Sikio la kufa halisikii dawa."

"Hilo nimelisikia! Umeona?"

Jumapili alikuja kwangu. Binti yangu alikuwa ameipata kwenye simu ile filamu tuliyoipenda utotoni, akaiunganisha na televisheni. Ni filamu ya msichana mfua nguo anayeimba na kucheza juu ya paa na ndoo mbili. Zamani tulikuwa tukienda kuiangalia kwa jirani, tumekaa sakafuni, na tukirudi nyumbani tunaiigiza. Dada alikuwa msichana. Mimi nilikuwa ndoo.

Safari hii niliona kwamba lile paa ni mbao zilizopakwa rangi, na msichana mwenyewe ni mtu mzima amefungwa nywele vishungi kama mtoto. Lakini wimbo ulipoanza, dada aliuimba neno kwa neno, sambamba na yule mwigizaji. Moyo ukanitulia. Nikajisemea, kumbe nilikuwa namsingizia.

Binti akaikalia rimoti. Sauti ikakatika. Dada hakukatika. Aliendelea kuimba, mguu ukipiga sakafu, macho kwenye mdomo wa msichana. Binti akataka kucheka, nikamfinya. Dada akatuona.

"Mna nini?"

Nikasogea mbele yake ili anione mdomo. "Sauti imezimika, dada. Kitambo."

Akaitazama televisheni, akanitazama mimi.

"Rudisheni mwanzo," akasema. "Nafumba macho. Nikiusikia wimbo, nitauimba, na hiyo hospitali yako usinitajie tena."

Binti akarudisha, akawa anapandisha sauti kidogo kidogo. Ubeti wa kwanza ukapita. Dada kimya, uso umekunjamana kama anayetunga uzi kwenye sindano. Sauti ikapanda mpaka glasi zikatetemeka kabatini na jirani akagonga ukuta. Ndipo dada akatabasamu, akaanza kuimba kwa nguvu, ubeti wa kwanza. Filamu ilikuwa inamaliza wa tatu.

"Mama mkubwa," binti akaita, halafu akaona hakuna maana ya kuita.

Nikamgusa dada goti. Akafumbua macho. Kwenye televisheni, msichana alishaweka ndoo zake chini na alikuwa anashuka ngazi. Dada akaufunga mdomo.

Akajipangusa mapajani kama mtu mwenye unga, ingawa gauni lilikuwa safi.

"Hospitali wanafungua saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Nipitie kesho," akasema. "Usigonge mlango. Ingia tu."