Chini Kidogo ya Zohali

Kinyozi alikuwa mtu wa maneno mengi, na mengi kati ya hayo yalimhusu mkewe. Mteja akishafungwa shuka shingoni hana pa kukimbilia, basi ataambiwa tu: "Mke wangu anatunga uzi kwenye sindano na taa imezimwa. Sikutanii." Mke mwenyewe alikuwa chumba cha nyuma akishona sare za shule, na kila neno lilimfikia. Likimzidi aligonga ukuta kwa mkasi, maana yake nyamaza. Kinyozi hakunyamaza.

Darubini iliwajia bila wao kuitafuta. Mteja mmoja alihamishwa kikazi, gari likajaa, bomba lile refu jeupe likakosa nafasi, akamwachia kinyozi na stendi yake. Wakalipandisha juu ya nyumba, kwenye ile sakafu ya wazi yenye kamba za nguo, na kuanzia hapo jioni isiyo na mawingu ikawa na kazi ya watu wawili. Mgongoni mwa bomba kuna kilengeo, kijisanduku chenye kioo kilicholazwa mshazari, na juu ya kioo hicho inapiga taa ndogo sana. Ukitazama kupitia kioo, macho yote mawili wazi, unaona kidoa chekundu kimetua mbinguni kabisa. Unasukuma bomba taratibu mpaka kidoa kifike unakotaka. Bila hicho utahangaika, maana darubini huona mbali lakini huona padogo, kama mtu anayetafuta nyumba ya jirani kwa kuchungulia tundu la ufunguo.

Mke alilenga, mume akachungulia. Mbona isiwe hivyo, na macho ya kutunga uzi gizani yalikuwa ya mke? Zohali ilikuja kila alipoiita, na pete yake, ndogo na safi kama kitu kilichochongwa. Kesho yake wateja waliambiwa mpaka wakachoka.

Halafu masika moja mke akaugua, na kabla mvua hazijakatika akafariki.

Kinyozi alifungua duka baada ya matanga kama watu wote wanavyofungua. Cherehani ilifunikwa kwa kitambaa. Nyembe zilikata, sabuni ilitoa povu, lakini kimya cha ule ukuta wa nyuma kilikuwa kizito kukibeba. Siku nyingine alimsifu marehemu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kisha akasimamisha mkasi hewani akisikiliza. Mteja kwenye kiti alijifanya hajaona.

Mbingu zilipotakata alipanda juu peke yake. Akawasha kilengeo, akakiweka kidoa juu ya Zohali barabara, akainamia tundu la kuchungulia. Giza. Akarudia. Giza. Akabadilisha betri, akafuta kioo, akanunua hata miwani mipya. Jioni baada ya jioni, kidoa juu ya nyota, jicho kwenye tundu, na humo ndani hamna kitu. "Aliye juu mngoje chini," aliwaambia wateja, "lakini huyu wangu hashuki." Wakacheka. Yeye alikuwa na uchungu. Aliona kwamba ile nyota ilikuwa ya mkewe tangu mwanzo, naye alikuwa akionyeshwa tu kwa hisani, na sasa mwenye nyota ameondoka nayo. Hakuwa anaitaka Zohali kwa ajili ya Zohali. Aliitaka kwa sababu palikuwa mahali pa mwisho walipokuwa wakifanya kazi moja, na mahali hapo hakuweza tena kupaona.

Kwa hiyo mwalimu mmoja wa sekondari alipoiulizia darubini kwa ajili ya wanafunzi wake, kinyozi alisema njoo kesho uichukue.

Jioni hiyo shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuja kumsaidia kuifunga. Walitaniana sana wale wawili, na msiba haukuwakomesha.

"Shemeji, unagawa vitu vya dada yangu kama unahama nyumba."

"Haifanyi kazi, shemeji. Naiweka kwenye nyota, nikichungulia sioni kitu."

"Unaiweka wapi?"

"Kwenye nyota. Sasa niiweke wapi, kwenye ndoo?"

Shemeji akamtazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye ile sakafu na ushungi ukamtoka kichwani.

"Kumbe hakukwambia mpaka anakufa! Shemeji, hicho kidude cha kulengea kimepinda. Mwaka ule mlipokipata, wewe ulikuwa dukani, yeye ndiye aliyekaza parafujo. Kinatakiwa kipimwe kwa kitu cha mbali kabisa, ule mnara wa simu kule kilimani. Asubuhi hiyo kulikuwa na ukungu, mnara hauonekani. Akapimia tangi la maji la jirani."

Tangi lilikuwa pale pale, karibu kiasi cha kuweza kulirushia jiwe. Kilengeo kiko juu ya bomba. Kikiinamishwa kikutane na bomba kwenye tangi, huko mbele kila kimoja kinashika njia yake, na kidoa kinaangukia chini ya pale bomba linapotazama.

"Na alipogundua?"

"Ulikuwa umeshamtangaza mji mzima! Mke mwenye macho makali! Akaniambia, 'Usithubutu kumwambia, atanicheka mpaka kiyama.' Akajifunza kukosea. Anaweka kidoa chini ya nyota, upana wa kidole cha mwisho mkono ukiwa umenyooka. Miaka yote hiyo dada alikuwa analenga patupu."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa, akatia maji, na bado akahakikisha mnywaji hakosi ladha. Kinyozi alishika kamba ya nguo.

"Hebu lenga wewe," akasema mwishowe.

Shemeji akasimama nyuma ya bomba, macho yote mawili wazi, mkono mmoja mbele kidole kimesimama. Akasukuma, akarudisha kidogo.

"Tayari," akasema.

Kinyozi akainama. Zohali ilikuwa katikati, na pete yake.

Ilitembea polepole kuelekea ukingoni, kama ilivyotembea siku zote, naye akaisindikiza kwa jicho moja lililojaa maji. Shemeji na marehemu dada yake walikuwa na sauti moja. Mchana, uso kwa uso, hukuweza kuligundua hilo. Pale gizani, akiwa ameinama na mtu huyo yuko nyuma ya bega lake, sauti ilikuwa ni ile ile.

"Ipo, shemeji?"

Ukingo ukaimeza.

"Hapana," akasema kinyozi. "Lenga tena."

Akalenga tena. Ikaja tena, angavu, ikapita, ikatoka.

"Sasa je?"

"Bado. Chini kidogo."

Shemeji hakuwa mjinga. Aliangalia mgongo ule ulioinama, mabega yaliyokuwa yakitikisika, akavuta ushungi vizuri, akarudisha macho kwenye kioo. Alilenga mara nyingine, na nyingine, mpaka Zohali yenyewe ikakaribia paa za nyumba za ng'ambo.

"Shemeji," akauliza taratibu, "yule mwalimu bado aje kesho?"

"Aje kufanya nini," akasema kinyozi bila kuinua kichwa, "na sisi bado hatujaipata?"