Picha ya Mama Bila Koti

Asubuhi za Julai hapa Kajiado, hata ng'ombe wangepewa sweta wangevaa. Nilikuwa kwa foleni nje ya ofisi fulani nikipiga ukungu picha. Shule niliacha mapema, lakini kwa kamera ya simu hakuna mwalimu atanifunza kitu.

Mama aliyekuwa mbele yangu akaona kipaji, akanipa simu yake.

"Kijana, nipige moja nimtumie binti yangu Uarabuni. Amesikia nakohoa, anataka kuacha kazi arudi. Lazima anione niko sawa."

Akavua koti, akavua sweta, akatoa shuka. Akabaki na gauni ya mikono mifupi.

"Mama, utaganda."

"Wewe piga."

Picha ya kwanza ilimtoa akitetemeka. Ya pili, meno yalikuwa yanagongana.

"Rudia," akasema. Akaficha ngumi nyuma ya mgongo, akashika pumzi, akatabasamu. Hiyo ikatoka safi, kama mtu aliye likizo Mombasa.

Akatuma. Hata hajamaliza kufunga vifungo vya koti, binti akapiga simu, na foleni nzima ikamsikia.

"Mama, umependeza. Sasa sweta iko wapi na ni Julai?"

Mama akaninyooshea kidole. "Ni huyu kijana wa picha. Ameniambia nivue."

Binti akacheka sana. "Kama bado unasingizia watu hivyo, basi uko sawa. Nitabaki kazini."

Kwa hivyo wasomaji, picha yangu ilikuwa kali, lakini kilichookoa ile kazi ni uongo wa mama.