Siku Mbili za Kuokoa Nywele za Warda

Saa mbili asubuhi, barazani kwake Msambweni, Kadzo Chome ameinamia sufuria na kutega sikio. Tui la nazi limekwisha kuachia mafuta, nayo yanachemka polepole, tata-tata-tata. Hayaangalii sana. Anayasikiliza.

"Yakinyamaza yameiva," anasema. "Yakiwa bado yanapiga kelele, maji yamo. Ukiyatia chupani yatachacha."

Mteja wa kwanza, Rispah, mpokea wageni katika hoteli moja ya Diani, ameketi kwenye kigoda, nywele zake ndefu zimegawanywa mafungu manne. Anaiona chupa ndogo rafuni. "Mama, na haya mazito? Niwekee kiasi nikajipake nyumbani."

Kadzo anacheka, lakini chupa haigusi. "Hayo nitakupaka kwa mkono wangu mwenyewe. Nyumbani huendi nayo, mwanangu."

Ni mafuta ya mbarika, ambayo wengine huyaita ya nyonyo. Kadzo, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, aliyajua kwa mamake huko Kinango. Kwa miaka kumi na mitatu sasa, kazi yake ni kutunza nywele ndefu kwa mafuta anayoyapika mwenyewe. Hutoza shilingi mia tano kwa kichwa, na wiki ikiwa njema hupata vichwa kumi na viwili. Kazi hiyo imemlisha na kumvisha. Mwaka jana, kazi hiyo hiyo nusura iharibu harusi ya watu.

Bi harusi alikuwa Warda, binti wa jirani, mwenye nywele za kufika kiunoni. Kadzo alikuwa amezilea nywele hizo kwa miezi minne. Harusi ilikuwa Ijumaa. Jumatatu Warda alipokuja kuchukua mafuta ya kumalizia, alimkuta Kadzo ana wateja wawili na mikono imejaa. Kadzo akamkabidhi chupa ya mbarika na kumwambia maneno mawili tu: "Ukande vizuri."

Alikusudia ngozi ya kichwa, ikandwe taratibu kwa ncha za vidole, kama mtu anavyokandwa mgongo. Warda, anayejua zaidi mambo ya jikoni, alisikia mengine.

"Nilizikanda nywele zote kama unga wa mandazi!" anasema Warda kwa simu, na kicheko kinamzidi. "Nikazirundika utosini, nikamimina chupa nzima, nikakanda hadi mikono ikachoka. Nilipoziosha kwa maji ya kisima, zikashikana zote."

Zilishikana kwelikweli. Kadzo alipoitwa Jumatano asubuhi, alikuta kichwani mwa bi harusi bonge moja, gumu kama kumbi la nazi. Kitana hakikupenya. Shangazi yake Warda alikuwa amekwisha kushika mkasi.

"Tushaharibikiwa, Kadzo," shangazi akasema. "Tuzikate, avae mtandio, mambo yaishe."

"Nipeni hadi kesho adhuhuri, dada yangu," Kadzo akajibu. "Ikifika adhuhuri hazijaachana, nitazikata mwenyewe, na kazi hii nitaiacha."

Hakuwa akitania. "Niliona haya sana," anasema. "Mtu ananipa kichwa chake, nami nampa maneno mawili na kumgeuzia mgongo! Kosa lilikuwa langu."

Akapasha mafuta ya nazi hadi yakawa vuguvugu, akalilowesha bonge lile lote, akaanza kwenye ncha za chini, unywele mmoja baada ya mwingine, kwa vidole na mkia wa kitana. Hadi jua linazama alikuwa amefumua upana wa kiganja tu. Warda alilia, akanyamaza, akasinzia, akalia tena. Mamake alileta chai ya tangawizi, ikapoa bila kunywewa.

Alhamisi asubuhi walikuta mafuta yamepenya hadi ndani. Nywele zikaanza kulegea, fungu kwa fungu. Adhana ya adhuhuri ilipolia, Kadzo alikuwa akifumua fundo la mwisho nyuma ya sikio. Zilizokatika hazikuzidi konzi moja. Zilizobaki zilishuka hadi kiunoni, zikimeremeta.

"Alhamdulillahi," akasema mamake Warda, akajiketisha sakafuni hapo hapo.

Kadzo alitoka uani, akaegemea ukuta, akalia kwa sauti. "Nilihisi kama nimetua gunia la mahindi," anasema.

Shangazi alimfuata huko nje. Hakuomba radhi, hakutoa shukrani. Alifungua mtandio wake, akainamisha kichwa na kusema, "Nami unipake."

Siku hizi Kadzo hupima mwenyewe: kijiko kimoja cha mbarika kwa vitano vya nazi. Mteja anayeondoka na mafuta lazima ayarudie maelekezo yote kwa mdomo wake, na akikosea anaanza upya. Wapo wanaonung'unika kwamba amekuwa mwalimu wa chekechea. Anawaacha wanung'unike.

Anachotaka sasa ni chumba chenye beseni la kuoshea nywele, maana mvua za masika humfukuza barazani. Mabati ameshayapata. Lakini kwanza ana safari ya Funzi, alikoolewa Warda. Wiki hii Warda amejifungua binti, na siku ya saba mtoto atanyolewa nywele za uchanga, kama ilivyo ada. Ujumbe wa Warda umekwisha kufika: mtu yeyote asimpake mtoto mafuta kabla Kadzo hajawasili.

"Aliniamini, akanipa kichwa chake, nikakiponza," anasema Kadzo, akifunga kwa kitambaa chupa ya mafuta mapya ya nazi. "Sasa ananipa cha mwanawe, kingali laini."