Lenzi Ndefu Juu ya Paa la Bi Zuwena

Kosa ni langu, na naliandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nimemvunjia mwanamke nyumba yake na sikumgusa hata ukucha. Nilimvunjia kwa kamera. Astaghfirullah!

Jina langu mtanisamehe. Mimi ni kijana wa Tanga mjini, nimemaliza madarasa ya usiku, na cheti ninacho, nimekitia kwenye fremu kubwa kuliko dirisha la chumba changu. Nafanya kazi studio ya picha. Na mdomo ninao! Nikivua changu mmoja asubuhi, mpaka nifike naye barazani amekuwa papa wa kubebwa na watu sita. Watu hucheka, nami hufurahi. Sikujua kwamba iko siku wataniamini.

Mwaka ule zilianza kupita zile ndege mpya, zisizo na pangaboi mbele. Zilipita juu mno. Mwili wa ndege huuoni, unaona mstari mweupe tu unaoikata mbingu, kutoka baharini kwenda zake milima ya Usambara, na ngurumo inakuja nyuma, mstari umeshapita. Wazee wengine walikuwa wakiuona wanasoma dua. Mimi nikasema mbele ya vikombe vya kahawa, "Hiyo ndege nitaiteremsha! Nitaileta hapa kwenye karatasi, mpaka rubani mtamjua kama kanyoa ndevu au hakunyoa!"

Aliyecheka zaidi alikuwa Mbaruku, jirani yangu, karani wa bandarini. "Bwana we," akasema, "ukimleta huyo rubani, chai yake juu yangu."

Nikamwendea tajiri wangu, Bwana Seif, mwenye studio, nikamwomba kamera. Akaniwekea mbili mezani. Moja ilikuwa ile ya kukunja, ya kazi ya kila siku, yenye lenzi ya kawaida. Ya pili ilikuwa ndogo, aliachiwa na Mzungu mmoja wa shamba la katani aliyerudi kwao, na pamoja nayo lenzi ndefu, nyeusi, kama bomba la maji, urefu wake kiganja mpaka kiwiko.

"Chukua hii ya kukunja," akaniambia. "Mbele utie kioo cha manjano. Kitaitia giza bluu ya mbingu, ule mstari utoke mweupe pe. Lenzi ya kawaida inameza mbingu nzima. Nenda uwanja wa mpira, simama peupe, ungoje."

"Na hii ndefu?"

"Hii inaona kipande cha mbingu kama sahani, na ndege yenyewe iko mbioni. Utaitafuta mpaka shingo ipinde. Tena nzito, mkono ukitikisika kidogo tu, picha yote ukungu. Inataka stendi ya miguu mitatu na pahali imara."

Maneno ya mtu aliyezeekea kazini! Mimi katika yote hayo niliisikia hiyo ndefu tu. Nilishajiona napita nayo Makorora, nakwenda nayo mpaka Mabawa, begani inang'aa, watu wanatoka milangoni. Nikamwambia, "Bwana Seif, rubani nimeshawaahidi watu." Akatikisa kichwa, akanipa.

Siku mbili niliizungusha mjini. Kila baraza nikaiweka wazi. "Hii," nawaambia, "inahesabu kope za inzi aliye Pemba! Ikimtazama mtu inajua jana kala nini!"

Mbaruku akaichungulia. Safari hii hakucheka. "Kweli inaona namna hiyo?"

"Inaona? Ukuta kwake ni chandarua!"

Loo, ulimi wangu!

Sasa lile shauri la pahali imara. Mimi nimepanga chumba Usagara, kwa Bi Zuwena, nyumba ya mawe ya ghorofa moja. Paa lake ni sakafu tambarare, wanawake huanika nguo na mpunga. Ukisimama pale unaziona nyua zote za majirani. Na ada yetu mnaijua: mwanamume hapandi pale kimya. Hata mkwezi wa nazi, kabla hajaukumbatia mnazi, hupaza sauti, "Hodi! Napanda!" ili walio uani wajisitiri. Akinyamaza siku moja, mji mzima hapati tena mnazi wa kukwea.

Mimi nilinyamaza. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, wanaume wako makazini. Niliona mstari unachomoza baharini, nikapanda ngazi mbilimbili, kamera kifuani. Niliogopa nikipiga hodi nitachelewa, kana kwamba hodi ni hotuba ya kurasa kumi!

Nikasimamisha stendi. Nikatia jicho: mbingu tupu. Nikaitafuta ndege kulia, nikaitafuta kushoto. Bwana Seif alisema kweli, nilikuwa kama natazama dunia kwa tundu la ufunguo. Nikabonyeza mara nne, sijui nimepata nini. Mstari ukanipita utosini. Nikaigeuza lenzi kuufuata, mguu mmoja wa stendi ukateleza, lenzi ikainama, na hapo hapo ukelele ukatoka uani kwa Mbaruku.

"Mtu! Mtu juu! Ana mzinga!"

Alikuwa Mwanahawa, mkewe. Kidole changu kikashtuka, nikasikia "tak". Picha ya tano. Lenzi ilikuwa inatazama wapi? Wallahi sijui. Jicho langu halikuwa kwenye kamera. Niliona khanga nyekundu kama umeme, kisha nikaziona ngazi.

Chini nikakutana na Bi Zuwena, mkono kiunoni. "We mwana! Umepanda bila hodi? Na dude hilo?"

"Ndege, Bi Zuwena! Ndege!"

"Ndege gani yuko uani kwa watu?"

Sikungoja kumjibu. Nilikimbia mpaka studio. Bwana Seif alikuwa ametoka. Nikajifungia chumba cha giza, pale tunapowasha taa nyekundu tu na kusafishia filamu.

Haukupita muda nikasikia mlango wa mbele unapigwa ngumi. "Yuko wapi? Mke wangu alikuwa anaosha nywele zake! Nimeitwa kazini kwa fedheha hii! Leo ama yeye ama mimi!"

Mbaruku. Sijawahi kuisikia sauti yake vile. Nikawaza: ile ya tano ikiwa ni mkewe, nywele wazi, nimekwisha, wataniokota vipande. Na ikiwa hakuna picha, basi hakuna kesi. Ndivyo nilivyowaza, mwenye cheti changu!

Nikafungua kifuniko cha nyuma cha kamera. Nikaivuta filamu yote, nikawasha taa nyeupe, nikaikunjua chini ya taa kama mtu anaanika dagaa. Filamu ambayo haijasafishwa ikipigwa na mwanga imekufa, haifufuki. Nikapumua. Ndiyo, jamani, nilipumua!

Na pumzi ile haijaisha, nikasikia sauti ya Bwana Seif. Amerudi, anasema polepole kama kawaida yake. "Mbaruku, tulia. Sikiliza. Filamu iko ndani, na mwenyewe yuko ndani. Ataisafisha sasa hivi. Bi Zuwena ataitazama yeye kwanza, mwanamke mwenziwe, peke yake. Ikiwa ni mbingu tupu utakwenda kumtaka mkeo radhi, yaishe."

Kisha Mbaruku akasema, sauti imeshuka, karibu ya kulia, "Nakubali. Naomba Mungu iwe mbingu tupu."

Ndugu zangu! Mimi niko upande huu wa mlango, filamu inanining'inia mkononi!

Nikatoka. Bwana Seif aliitazama mara moja tu. "Umefanya nini?"

"Ilikuwa mbingu," nikasema. "Yote ilikuwa mbingu."

"Kama mbingu, umeichomea nini?" Mbaruku aliniuliza taratibu, na ule utaratibu ndio ulionitia baridi. "Si wewe uliyesema ukuta kwake chandarua?"

"Ulikuwa mzaha, Mbaruku."

"Ah. Leo ndiyo umekuwa mzaha."

Bwana Seif alijaribu kumweleza habari za lenzi na mbingu. Hakusikia. Aliondoka bila kunigusa, heri angenipiga! Jua halijazama ameshamwandikia mkewe talaka moja, akisema haichomwi picha isiyo na aibu ndani, na kaka zake wamemchukua kumrudisha kwao Pangani.

Talaka moja, mnajua, mlango haujafungwa. Muda wa eda mume anaweza kumrejea. Nami nilikuwa nayo ya kumwambia Mbaruku: mguu ulioteleza, ile ya tano, na khanga nyekundu niliyoiona. Sikwenda. Nilihofu akisikia "ya tano" atakuja na panga. Nikawa napita njia za uchochoroni nisikutane naye, nikisikia hatua nyuma yangu naongeza mwendo. Kazini Bwana Seif amenivua kamera, naosha trei za dawa tu. Na kila siku ilikuwa inapunguza eda ya Mwanahawa, nami najificha.

Wiki ya mwisho ya eda Bi Zuwena alikwenda Pangani kumtazama Mwanahawa. Aliporudi hakuketi hata kuvua buibui.

"Mwanahawa kanipa maneno nikupe. Kasema, 'Lile dude nililiona kabla halijanigeukia. Nikajitanda khanga zangu kichwani mpaka miguuni, ndipo nikapiga kelele. Nilipoambiwa picha itasafishwa, nilifurahi. Mwambie nilikuwa naingoja.'"

Picha yoyote ambayo ingetoka mle, ya mbingu au ya uani, ingekuwa shahidi wake! Niliyemuua kwa taa ni shahidi wa mtu, nami nilidhani najiokoa.

Jioni ile nilikwenda kwa Mbaruku, naogopa hivyo hivyo, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na panga. Alikuwa amekonda.

"Siku ile ulisema mbingu," akasema. "Leo unasema khanga. Kesho utasema nini?"

Eda ikaisha. Hakumrejea.

Basi nawaonya, hasa ninyi vijana mnaoshika kamera. Ukitaka kupiga ndege ya juu, chukua lenzi ya kawaida, tia kioo cha manjano, simama peupe kila mtu akuone. Na mkono ukiteleza, lenzi ikaangukia pasipostahili, nenda mwenyewe na filamu yako ukaseme. Ogopeni, tetemekeni, lieni hata mbele za watu. Lakini kile kifuniko cha nyuma, nawaomba kwa Mungu, msikifungue!